Aibu Si ya Mtumwa

Lipo jina la kike ambalo kila Mzanzibari analijua, na ambalo siku hizi hutamkwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni tusi. Jina hilo ni Mtumwa. Hapa Ole, wilaya ya Chake Chake, nilikozaliwa, halikuwa jina la ajabu. Bibi yangu mzaa baba aliitwa hivyo, na jirani yetu wa upande wa pili wa njia aliitwa hivyo, na hakuna mtoto aliyethubutu kucheka, kwa sababu kabla ya jina lilitangulia neno "Bi" na kabla ya mazungumzo ilitangulia shikamoo. Leo binti akiitwa Mtumwa darasani, wenziwe huangua kicheko, mwalimu hukunja uso, na karani hunyanyua kalamu akamwandikia jina "zuri zaidi" bila ya kumuuliza. Makala haya yanaipinga kalamu hiyo.

Dai langu ni fupi. Hakuna mwenye haki ya kumvua mwanamke jina la Mtumwa isipokuwa mwanamke mwenyewe. Mwalimu hana haki hiyo, karani hana, mume hana, wala mwanaharakati hana. Na ile aibu tunayomtwika mwenye jina si yake. Ni aibu yetu sisi tulioshindwa kuitazama historia yetu usoni, tukaona ni rahisi zaidi kumfuta mwanamke kuliko kujifunza.

Najua wako watakaosema kwamba nchi ina mambo mazito kuliko jina la mtu: bei ya karafuu, ajira za vijana, maji yasiyofika mabombani. Kwa hivyo nitaanza na kisa kimoja, ili tusidhani kwamba tunazungumzia hisia tu.

Mwanamke mmoja wa hapa Ole, ambaye simtaji kwa sababu hakuniomba nimtangaze, alipewa na wazazi wake jina la Mtumwa. Aliingia skuli baada ya elimu kutangazwa kuwa bure mnamo Septemba 1964. Mwalimu wake, kwa nia njema kabisa, aliona kwamba katika Zanzibar ya Mapinduzi haifai mtoto wa mkulima kuitwa mtumwa, akamwandika Siti. Nyumbani alibaki Mtumwa. Alipoolewa, cheti cha ndoa kiliandikwa Mtumwa, kwa sababu aliyetaja jina mbele ya mashahidi ni baba yake. Karatasi ya mirathi ya mikarafuu aliyoachiwa na babake iliandikwa Mtumwa. Kitambulisho kikaandikwa Siti, kwa sababu aliyejaza fomu alitazama cheti cha skuli. Na cheti cha kuzaliwa alichotafutiwa ukubwani kikarudi tena kwenye Mtumwa.

Kwa miaka mingi Siti na Mtumwa walikaa ndani ya mwili mmoja bila ya kugombana. Waligombana alipotimiza miaka 70 na kwenda kudai Pensheni Jamii, ile posho ambayo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wa umri huo mnamo Aprili 2016, kwa kiwango cha shilingi 20,000 kwa mwezi. Aliambiwa alete uthibitisho kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja. Akaenda kwa sheha, akaenda kuapa, akapanda gari ya Chake mara asizozihesabu, na kila safari ikala sehemu ya fedha ambazo bado hajazipata. Ofisi siitaji, kwa kuwa ingeweza kuwa ofisi yoyote, na karani aliyemrudisha alifuata utaratibu alioukuta. Nilipomuuliza bibi huyu kama hajutii jina alilopewa, alinijibu: "Mwanangu, jina langu halijanisumbua hata siku moja. Walionisumbua ni wale waliolionea haya."

Jibu hilo lina elimu kuliko mihadhara mingi niliyowahi kuitoa. Nitajaribu kulifafanua.

Tuanze na lugha, kwani wengi wanaoliona jina hili kuwa baya hawajalitazama vizuri. Mzizi wake ni kitenzi tuma. Mwenye kutumwa ni mtumwa. Mwenye kutumwa na Mwenyezi Mungu kwa waja wake ni mtume. Mwenye kutumika kwa ajili ya wengine ni mtumishi. Maneno matatu, shina moja. Nawakumbusha ndugu zangu wa maofisini, mnaosoma ukurasa huu saa za kazi, kwamba cheo chenu kamili ni "mtumishi wa umma". Mkilicheka jina la Mtumwa, mnamcheka jamaa yenu wa damu.

Sisemi kwamba neno hili halina uchungu. Katika historia yetu mtumwa ni binadamu aliyenunuliwa na kuuzwa, na hakuna ufundi wa sarufi utakaoufuta ukweli huo. Ninachosema ni kwamba uchungu huo tunauhisi kwa upendeleo. Hebu tazameni majina ya wanaume. Abdalla maana yake ni mtumwa wa Mungu. Abdulrahman ni mtumwa wa Mwingi wa Rehema. Na Abeid, jina la Rais wa kwanza wa Zanzibar, limetoka katika neno hilohilo la Kiarabu, kwa umbo la udogo: mtumwa mdogo. Ni nani aliyewahi kumcheka mtu kwa kuitwa Abeid? Ni mwalimu gani aliyewahi kumbadilisha Abdalla jina siku ya kwanza ya skuli? Hakuna, na wala hapatakuwa. Majina hayo ni mazuri, na nawausia wazazi waendelee kuyatoa.

Basi tofauti iko wapi? Iko mahali pawili. Kwanza, mwanamume amevaa maana hiyo kwa Kiarabu, na mwanamke ameivaa kwa Kiswahili. Tumejifunza kuheshimu tusichokielewa na kudharau tunachokielewa. Pili, mwenye jina ni mwanamke, na mwili wa mwanamke ndiko jamii yetu imezoea kutundika aibu zake zote, kuanzia mavazi hadi mimba hadi jina. Ukitoa sababu hizo mbili, hakitabaki kitu cha kuchekesha.

Sasa tuingie katika historia, na hapa Pemba haina pa kujificha. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na kisiwa chetu, ambacho kilisalimika zaidi, kikawa ndicho nyumba ya karafuu. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Lakini kumiliki watumwa hakukufutwa, na mashamba yetu yaliendelea kutaka mikono ya kupalilia, ya kupanda juu ya miti, ya kuchambua karafuu na makonyo, na ya kuanika majamvini. Mikono hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya watu waliotolewa bara kwa nguvu, na sehemu kubwa ya mikono hiyo ilikuwa ya wanawake.

Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Wanafunzi wangu wengi wanaikumbuka tarehe hiyo. Wachache mno wanayajua masharti yake. Uhuru haukumfikia mtu nyumbani: ilimbidi mtumwa aende mwenyewe kuudai. Fidia haikulipwa kwa aliyefanyishwa kazi bure maisha yake yote. Ililipwa kwa mmiliki. Na lililo kubwa kuliko yote kwa mada yetu, amri ile iliwaacha nje masuria. Wanawake waliokuwa vitandani mwa mabwana walihesabiwa kama wake, wakaambiwa wangoje. Walingoja hadi sheria ya 1909, miaka 12 baada ya wengine.

Nauliza: katika simulizi hiyo, nani anayestahili kuona haya? Ni yule aliyenunuliwa, au aliyenunua? Ni suria aliyengoja miaka 12, au waliokaa mezani wakakubaliana kwamba angoje? Jibu ni jepesi, lakini mwenendo wetu wa kila siku unajibu kinyume. Wajukuu wa wamiliki wanatembea vichwa juu, na binti aitwaye Mtumwa anatembea kichwa chini.

Halafu lipo kosa la kudhani kwamba jina hili linatoa nasaba ya mtu. Halitoi. Jina Mtumwa limepita njia nyingi hadi kufika kwetu. Ndiyo, wapo walioitwa hivyo kwa sababu walizaliwa utumwani. Lakini wapo pia waliozaliwa na wazazi waungwana waliokwisha kuzika watoto wawili au watatu, na kwa mila ya kale wakampa anayefuata jina la unyonge, ili kifo kimwone hana thamani kimpite. Katika kundi hilo ndimo walimo akina Tabu, Shida na Mashaka. Wapo waliokusudia utumwa wa Mungu, kama wenye kina Abdalla wanavyokusudia. Na wengi zaidi, hasa katika karne ya 20, walipewa jina hili kwa sababu moja tu: lilikuwa jina la bibi. Kwetu mtoto hupewa jina la bibi yake ili bibi asife mara mbili. Anayedhani kwamba akisikia jina Mtumwa ameshajua ukoo wa mtu, hajui majina wala koo.

Na tukumbuke jinsi wanaume walivyojinasua. Baina ya sensa ya kikoloni ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya watu waliojiandikisha kuwa Waswahili katika visiwa hivi ilishuka mno. Watu hao hawakufa, wala hawakuhama. Neno "Mswahili" lilikuwa limeanza kunuka utumwa mbele ya serikali iliyogawa watu kwa makabila, kwa hiyo wengi walichagua majina mengine ya makabila yenye heshima zaidi. Siwalaumu, kila mtu hutafuta pa kupumulia. Lakini angalieni matokeo yake. Utumwa ulifutwa katika nasaba za ukoo, zinazopita kwa wanaume, ukasalia katika jina la kwanza la mwanamke. Yeye ndiye aliyeachwa kuibeba kumbukumbu ambayo jamii nzima ilitaka kuitua, na sasa tunamcheka kwa sababu mzigo unaonekana kichwani mwake.

Hapo mtu ataniletea Siti binti Saad, na ana haki. Hakuna mfano maarufu kuliko wake. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Aliuza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba, akapata jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikasikika pwani nzima. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Chama cha waandishi wa habari wanawake Tanzania, TAMWA, kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Kwa hiyo tunapenda kuisimulia habari yake kama ngazi: chini kabisa Mtumwa, juu kabisa Siti. Nimeisikia katika semina, nimeiona katika mabango, na nimewasikia walimu wakiitumia kuwashawishi mabinti wabadilishe majina.

Mimi naisoma habari hiyo kwa namna nyingine. Jina jipya halikumkinga Siti. Baada ya kuwa Siti, watani wake wa mjini walimtungia nyimbo za kumkumbusha kwamba alikuja na kaniki, nguo ya mtumwa na ya maskini. Hawakusahau kitu, kwa sababu aliyetaka kudhalilisha hakuwa na haja ya jina. Alikuwa na haja ya mtu wa kumdhalilisha. Kilichowanyamazisha ni sauti yake na ujasiri wake wa kuwajibu kwa nyimbo, na vyote viwili alizaliwa navyo alipokuwa angali Mtumwa. Wahenga husema jina jema hung'aa gizani. Naamini wamekusudia jina kwa maana ya sifa aliyojipatia mtu kwa matendo, wala si herufi zilizoandikwa chetini. Kwa maana hiyo binti wa Fumba alikuwa na jina jema kabla hajaitwa Siti.

Na hapa Zanzibar tunao ushahidi wa karibu zaidi. Katika Baraza la Wawakilishi wamekaa wanawake wenye jina hili. Spika aliwaita "Mheshimiwa Mtumwa", nao wakasimama, wakauliza maswali, mawaziri wakajibu. Hakuna ukuta ulioanguka. Kinachowezekana katika Baraza kinashindikanaje katika darasa la tatu?

Naamini sababu yake ni kwamba jina hili linaharibu mipango ya makambi mawili. Kambi ya kwanza ni ya wale wanaoutoa utumwa kabatini kila msimu wa uchaguzi, wakautikisa majukwaani ili kuwatisha wapiga kura kwamba mabwana wa zamani wako njiani kurudi, kisha uchaguzi ukimalizika wakaufungia tena kwa miaka mitano. Kambi ya pili ni ya wale wanaosema kwamba utumwa wa kwetu ulikuwa mpole, kwamba mtumwa alikuwa kama mwana wa nyumbani, na kwamba habari zote hizi ni uzushi wa wakoloni. Wa kwanza wanautaka utumwa uwe fimbo. Wa pili wanautaka uwe hadithi ya kulalia. Bi Mtumwa wa Ole hawafai wote wawili, kwa sababu yeye si fimbo wala hadithi. Yeye ni mtu mwenye haki ya pensheni na miti michache ya mikarafuu, anayekumbusha kwa uhai wake tu kwamba jambo hili lilitokea, lilitokea hapa, na lilitutokea sisi kwa sisi.

Nendeni Mkunazini, mjini Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa na ambapo leo pana kanisa la Anglikana. Tangu mwaka 1998 pana sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo. Wageni wanalipa kiingilio, wanapiga picha, wengine wanalia, na sisi tunaona fahari kwamba tumehifadhi historia. Sipingi sanamu hizo. Nauliza tu ni vipi taifa linaweza kutoza fedha kwa kumwonesha mgeni mtumwa wa zege, kisha likamwona mwenye jina hilo, aliye hai, kuwa ni doa la kufutwa katika daftari.

Zipo hoja mbili za upinzani ambazo nazichukulia kwa uzito, kwa sababu zinatolewa na watu ninaowaheshimu.

Hoja ya kwanza ni ya dini. Tunaambiwa kwamba Uislamu unahimiza majina mazuri, na kwamba Mtume (S.A.W.) alimbadilisha mwanamke jina lililokuwa na maana ya uasi, akamwita Jamila. Ni kweli. Lakini kumuasi Mungu na kuwa mtumwa si jambo moja. Uasi ni kitendo cha mtu mwenyewe; utumwa ni kitendo alichotendewa. Na mafunzo hayohayo yanatueleza kwamba Mtume aliwakataza wamiliki wasiseme "mtumwa wangu" na "mjakazi wangu", bali waseme "kijana wangu" na "binti yangu". Aliyeambiwa arekebishe ulimi wake hapo ni bwana. Bilal hakutakiwa aufiche utumwa wake wa zamani ndipo apande kuadhini. Na Bi Hajira, aliyekuwa mjakazi katika nyumba ya Nabii Ibrahim, nyayo zake baina ya Safa na Marwa zinafuatwa na kila mwenye kuhiji, tajiri na maskini. Jina la Hajira tunawapa mabinti zetu kwa fahari. Kwa hiyo anayelikataa jina la Mtumwa kwa sababu ya ladha yake, aseme ni ladha. Asiibebeshe dini.

Hoja ya pili ni ya wanaharakati wa haki za wanawake, na kwangu ni nzito zaidi. Wanasema: mwanamke ametumikishwa vya kutosha nyumbani, shambani na katika ndoa, kumwita Mtumwa tangu siku ya saba ya kuzaliwa ni kumwandalia nafasi. Nakubali kwamba majina hufunza. Nakubali pia kwamba ukweli huu una upande wa giza: yapo maneno ya mitaani yanayolitumia jina hili kumwambia mke kwamba kazi yake ni kutumwa na mumewe. Mimi mwenyewe simshauri mzazi wa leo amchagulie mwanawe jina hili, wala simshauri asimchagulie. Hilo ni lake na ukoo wake. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya mwanamke anayeamua kuliacha jina na mwanamke anayevuliwa. Katika zama za utumwa, mojawapo ya mambo ya mwanzo aliyofanya bwana ni kumpa aliyemnunua jina jipya, bila ya kumuuliza. Basi karani anayembadilisha Mtumwa kuwa Siti bila ya kumuuliza anadhani anamkomboa, na kumbe anatumia mbinu ileile ya bwana. Ukombozi usioanza kwa kumuuliza mwenyewe si ukombozi.

Tena sisi watu wa Ole tuna sababu ya ziada ya kutotishwa na maana za maneno. Fungueni kamusi yoyote mtafute "ole". Mtaambiwa ni neno la onyo, la kutangulia msiba na maangamizi. Hilo ndilo jina la kijiji chetu, na ndilo jina la jimbo letu la uchaguzi. Hakuna kikao kilichokaa kutubadilishia. Viongozi wanalitamka redioni bila ya kukunja uso. Kijiji kinaruhusiwa kubeba neno zito, na mwanamke haruhusiwi?

Sasa niseme ninachokitaka, kwa sababu lawama isiyo na dai ni kelele.

Kwa walimu, na kwa nyinyi wanafunzi wangu mtakaokuwa walimu: jina alilokuja nalo mtoto si kazi yenu kulirekebisha. Darasa likicheka, hapo ndipo penye somo. Elezeni 1873, elezeni 1897, na msiishie hapo; elezeni na 1909, na waambieni watoto kwa nini masuria walingojeshwa. Mtoto aliyefundishwa hayo hatacheka tena, na kama atacheka, walau atajua anamcheka nani.

Kwa watumishi wa umma: tunao Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliowekwa kwa Sheria Namba 3 ya 2018, na kazi yake ni kumsajili mtu tangu kuzaliwa hadi kufa. Andikeni jina kama mwenyewe au mzazi wake alivyolitaja. Pale ambapo mkono wa mwalimu au karani wa zamani ulishaandika majina mawili, wekeni utaratibu mmoja mwepesi: fomu moja, sheha na majirani wawili kama mashahidi, bila ya malipo kwa wazee, ifanyike kwenye shehia. Bibi wa miaka 70 asitumwe Chake kutafuta ushahidi kwamba yeye ni yeye. Na mwanamke anayetaka mwenyewe kuliacha jina hili, naye afunguliwe mlango huohuo, kwa wepesi uleule, bila ya mtu kumuuliza sababu.

Kwa wanaharakati: acheni kaulimbiu ya "kutoka Mtumwa hadi Siti". Kila mnapoitamka mnawaambia wanawake wengi walio hai, wa Ole, wa Wete, wa Makunduchi, kwamba wao bado wako ngazi ya chini. Mnayepigania haki yake amekaa mstari wa mbele katika semina yenu, na jina lake liko katika orodha ya mahudhurio.

Lugha yetu ilishaliamua jambo hili zamani. Kinyume cha mtumwa, katika Kiswahili cha mababu zetu, kilikuwa muungwana: mtu huru, mwenye nasaba. Kisha watu wakaishi na neno hilo, wakawaona waungwana wa nasaba walivyotenda, wakaona na watumwa walivyotenda, wakatoa hukumu ambayo hadi leo kila mtoto anaijua: uungwana ni vitendo. Methali hiyo ilimnyang'anya bwana cheo chake alichokirithi na kukigawa kwa yeyote atakayekistahili kwa matendo. Anayemcheka Bi Mtumwa, anayemfuta daftarini, anayemrudisha nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya kosa ambalo si lake, huyo amekosa uungwana, hata akiwa na nasaba inayofika Shiraz.

Mwandikeni kama alivyo.